Mpenzi Uliyemjenga Moyoni

Leo hatuzungumzii malaria wala chanjo. Tunazungumzia moyo uliovunjika, maana huo nao huletwa kliniki, ingawa hauandikwi kwenye kadi ya mtoto.

Mama mmoja kijana wa hapa Eliye Springs alimleta mtoto wa miezi minne kupimwa uzito. Mtoto hakuwa ameongeza chochote tangu mwezi uliotangulia. Nilipouliza habari ya kunyonyesha, machozi yakamtoka. Mpenzi wake alikuwa mnunuzi wa samaki. Alikuja na lori kila mwezi, akakaa siku tatu, akaleta sukari, akaongea kwa upole, akaenda zake. Siku zilizobaki mama huyu alimmalizia mwenyewe akilini: hanywi, hana mwingine, atanijengea nyumba Lodwar. Kisha siku moja alipiga simu, ikapokewa na mke aliye Kitale.

Ukisafiri kutoka Lodwar kuja huku mchana, huona mazigazi: maji yanang'aa mbele, ukifika ni mchanga mtupu. Si ujinga wa macho, ni joto linalopinda mwanga. Mapenzi nayo yana joto lake. Mwaka 2004 watafiti wawili wa London, Andreas Bartels na Semir Zeki, walieleza kwamba mtu akitazama picha ya mpenzi wake, au mama akitazama ya mtoto wake, sehemu za ubongo zinazotusaidia kuwapima watu hupunguza kazi. Kwa mtoto ni baraka. Nani angeamka usiku mara tano? Kwa mwanamume unayemwona siku tatu kwa mwezi, ni hatari. Kwa hiyo nyinyi mama na shangazi, maneno ya "tulikuambia" hayamsaidii binti. Mpokee mtoto apate kulala, mpikie, mletee maji.

Uchungu wenyewe si maigizo. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa ambao moyo, baada ya mshtuko mkubwa, hudhoofika ghafla na kuvimba upande mmoja, ukafanana na chungu cha kutegea pweza. Wengi hupona baada ya wiki chache. Hata hivyo, maumivu ya kifua au kukosa pumzi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine husema maziwa ya mama mwenye huzuni yameharibika. Sivyo. Maziwa ni mazuri, ila mshtuko huweza kuyachelewesha kutoka. Mnyonyeshe mtoto mara nyingi, nawe ule. Huzuni ikipita wiki mbili, au ukifikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje siku ya kliniki. Njoo, au mtu akulete.

Jambo moja zaidi, nalo hatupendi kulisema: ukigundua mwenzako ana wengine, pimwa virusi vya ukimwi, hata kama ulipimwa ukiwa mjamzito. Ikiwa mlikutana ndani ya saa 72 zilizopita, sema hivyo mapema, kwa sababu kuna dawa za kuzuia maambukizi.

Yule mama alipimwa, hana virusi. Dada yake alihamia kwake kwa muda, na mwezi uliofuata mtoto alikuwa ameongeza gramu 600. Lori likipita, mama bado hugeuka kutazama.