Kumtunza Mgonjwa wa ALS Nyumbani Kutus: Pesa Ziende Wapi Kwanza?

ALS huua polepole neva zinazoamrisha misuli. Mtu huanza kuangusha kikombe, au kujikwaa, au ulimi unakuwa mzito. Kisha udhaifu husambaa hadi kwenye kumeza na kupumua. Akili ya wengi hubaki timamu, na maumivu ya godoro gumu huyasikia kama zamani. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana. Wengi huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili za kwanza, na takriban mmoja kati ya kumi hupita miaka 10.

Kwa familia inayopanga matumizi, jambo la kushika ni kwamba mahitaji hubadilika kila baada ya miezi michache. Kifaa kilichofaa Januari huenda kikawa mzigo Septemba. Kwa hiyo ushauri wangu nautoa mapema: ukishalipa bima, lipia kwanza mikono ya kuhudumu, kisha godoro la hewa na pumzi, na vifaa vingine baadaye. Kitakachotumika kwa muda mfupi, azima au kodi.

Mikono: binti aache kazi, au aajiriwe mtu?

Gharama kubwa kuliko zote haina risiti. Mgonjwa aliyelegea mwili mzima huhitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, kulishwa polepole, kuogeshwa na kufutwa mate. Kazi hii huangukia binti au mke wa mwana, na ukoo huihesabu kuwa ya bure.

Tuipigie hesabu. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kilichotangazwa mwaka 2024 kilikuwa takriban shilingi 14,867 kwa mwezi katika zilizokuwa manispaa, na Kerugoya-Kutus ilikuwa mojawapo. Vijijini kilikuwa takriban 8,596. Mwajiri huongeza asilimia 6 ya NSSF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Jumla mjini inakaribia 16,000, na kijijini 9,240.

Binti anayelipwa 25,000 dukani Thika akiacha kazi, familia imepoteza 9,000 zaidi ya gharama ya kuajiri mtu Kutus. Ikiwa alikuwa akipata riziki kwa vibarua vya mpunga Mwea, huenda ikawa nafuu abaki nyumbani, lakini alipwe. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko kila wiki. Binti wa nyumbani hapewi siku hiyo na mtu yeyote, na ni haki yake. Ndugu zake wampumzishe kwa zamu, wawe Nairobi au Kagio.

Muuguzi wa wakala kutoka Nairobi hulipwa kwa siku, na malipo ya wiki moja yanaweza kukaribia mshahara wa mwezi wa mtu wa Kutus. Mlete kwa siku chache afundishe kugeuza, kulisha na kutumia mashine, kisha kazi iendelee na wenyeji.

Pumzi: oksijeni au BiPAP?

Hapa ndipo ni rahisi kununua kisichofaa. Mgonjwa akianza kuhema, kila mtu husema atafutiwe oksijeni. Katika ALS, mapafu yenyewe kwa kawaida ni mazima. Kilichochoka ni misuli inayoyapanua. Kaboni dayoksaidi hubaki mwilini, na oksijeni peke yake haiitoi. Inaweza hata kuficha hatari huku mgonjwa akizidi kusinzia. Kinachosaidia ni BiPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Dalili za kuihitaji ni kuumwa kichwa asubuhi, usingizi wa kukatikakatika na kushindwa kulala chali.

Utafiti wa Newcastle, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wagonjwa ambao misuli ya kinywa na koo haikuwa imedhoofika sana waliishi takriban miezi 7 zaidi walipotumia mashine ya aina hii, na maisha yao yakawa na nafuu. BiPAP mara nyingi hupita laki moja. Anza kwa kukodi, kwa sababu wengine hawaivumilii barakoa, na daktari ndiye apange nguvu ya hewa.

Linganisha pia umeme. BiPAP ya wati 50 ikitumika saa 10 kila usiku hula yuniti 15 kwa mwezi. Mashine ya oksijeni ya wati 350 kwa saa hizo hizo hula yuniti 105. Stima ikipotea, betri ya volti 12 yenye Ah 100 na inveta ndogo huweza kuibeba BiPAP usiku mmoja, mradi kipasha unyevu kimezimwa.

Dawa, na safari ya India

Riluzole iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Katika majaribio iliongeza takriban miezi 2 hadi 3 ya uhai; hairudishi nguvu zilizopotea. Dozi ni vidonge viwili kwa siku, yaani 60 kwa mwezi, na ini hupimwa kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha mara chache zaidi. Weka vipimo hivyo kwenye hesabu. Ikiwa kuinunua kutamnyima mgonjwa mhudumu au BiPAP, chagua mhudumu na BiPAP.

Kuhusu kuchanga mamilioni kumpeleka India kudungwa seli shina: hakuna ushahidi kwamba tiba hiyo inayouzwa kwenye kliniki inasimamisha ALS. Kumwona daktari wa neva Nairobi ili kuthibitisha ugonjwa kunastahili nauli. Kuuza shamba la kahawa kununua ahadi hakustahili.

Chakula: sufuria au mpira?

Mwanzoni jiko la nyumbani linatosha. Chai na maji hukimbilia njia ya hewa. Uji mzito humezwa kwa usalama zaidi. Wali wa Mwea hutawanyika kinywani, ilhali mukimo uliolainishwa kwa mchuzi hushikamana. Blenda ya kawaida itakufaa kuliko makopo ya chakula cha hospitali.

Uzito ukishuka, au mlo ukichukua saa nzima, uliza kuhusu mpira wa kulishia wa tumboni. Wa puani ni rahisi kuweka, lakini husumbua pua na koo na hubadilishwa mara kwa mara. Wa tumboni huhitaji upasuaji mdogo, kisha hukaa muda mrefu. Uwekwe kabla pumzi haijadhoofika sana, kwa sababu ukichelewa hatari ya upasuaji huongezeka.

Kiti, kitanda na mlango

Kiti cha magurudumu cha kawaida huuzwa kwa elfu kumi na kitu, lakini hakishiki shingo iliyolegea. Azima hicho kwa miezi ya mwanzo, na pesa ziwekwe kwa kiti chenye kiegemeo cha kichwa kinachoinamishwa nyuma. Shirika la APDK hutengeneza viti kwa vipimo vya mtu.

Kitanda cha hospitali kinaweza kungoja. Fundi seremala huinua upande wa kichwani kwa vipande vya mbao. Godoro la hewa lisingoje, kwani kidonda cha mgongoni hugharimu zaidi kukitibu. Mteremko wa mlangoni uwe na urefu mara 12 ya kimo cha ngazi: ngazi ya sentimita 20 inahitaji mita 2.4.

Bima, kadi na hospisi

Bima ya afya ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hulipa kuanzia 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo: angalau 3,600. Bonasi ya majani chai ikifika, hili litangulie. Mchango wako huwahusisha mwenzi na watoto. Mzazi hujisajili mwenyewe. Bima hiyo ndiyo ya kutumia katika hospitali ya Kerugoya kifua kikishikwa ghafla.

Msajili mgonjwa kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ili apate kadi ya ulemavu. Aliye kazini anaweza kuombewa msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi 150,000 kwa mwezi. Mwenye ulemavu mkubwa katika familia maskini anaweza kuombewa 2,000 za Inua Jamii kila mwezi.

Hospisi, yaani vituo vya huduma shufaa kama Nyeri Hospice, si za saratani pekee. Morfini ya kunywa, kwa dozi ndogo inayosimamiwa na daktari, hupunguza hofu ya kukosa pumzi, na ni miongoni mwa huduma zenye thamani kubwa kwa gharama ndogo.

Mpangilio wa matumizi

1. SHA, kadi ya ulemavu na mawasiliano na hospisi.
2. Mhudumu anayelipwa na zamu za ndugu.
3. Godoro la hewa na kiti cha kuazima.
4. BiPAP na betri.
5. Mpira wa tumboni, kwa wakati wake.
6. Riluzole, ikiwa pesa zimebaki.

Kabla ya yote, fanyeni kikao mgonjwa akiwa bado anaongea. Mrekodi sauti kwenye simu, kwa lugha ya nyumbani. Mwulize kama angetaka kutobolewa koo na kupumua kwa mashine usiku na mchana. Hatua hiyo hurefusha maisha, lakini hudai mtu macho saa 24, na gharama yake hupita nyingine zote. Jibu lake liandikwe na kila ndugu alijue, ili ukoo usilazimike kumwamulia usiku wa manane katika ukumbi wa hospitali.