Utamaduni: Piano moja, maswali na nyimbo, jioni ambazo wasanii wa Broadway wanajieleza wenyewe

Msanii anaingia bila vazi la mchezo na bila wachezaji dansi nyuma yake. Jukwaani kuna piano na vipaza sauti tu. Anaimba wimbo mmoja, kisha mpiga piano anamgeukia na kumuuliza kuhusu majaribio aliyoshindwa, au usiku ambao sauti ilimgomea mbele ya watu. Ukumbi unacheka. Halafu wimbo mwingine unaanza.

Hivi ndivyo zinavyokwenda jioni za mazungumzo na nyimbo zinazoongozwa na Seth Rudetsky, mpiga piano na mtangazaji wa redio wa Marekani. Mwaka 2011, yeye na mtayarishaji Mark Cortale walizianzisha katika ukumbi mdogo wa The Art House, mjini Provincetown, jimbo la Massachusetts. Patti LuPone na Audra McDonald, mshindi wa tuzo sita za Tony, ni kati ya waliokaa kando ya piano hiyo.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, tuangalie kwanza Broadway yenyewe. Ni kundi la kumbi kubwa za New York, zenye viti 500 na zaidi, ambapo michezo ya kuigiza yenye nyimbo huonyeshwa kwa kawaida mara nane kwa juma. The Lion King, ambamo Simba na Rafiki wamepewa majina ya lugha yetu ya Kiswahili, unachezwa huko tangu mwaka 1997. Kila usiku ni maneno yale yale, hatua zile zile. Mtazamaji anaweza kumpenda mwigizaji kwa miaka mingi bila kumsikia akisema neno lake mwenyewe.

Rudetsky anaijua kazi hiyo kwa ndani. Alipiga piano katika okestra za michezo mikubwa kama Les Misérables, chini ya jukwaa, ambako watazamaji hawamwoni mtu. Ndiyo maana maswali yake ni ya mwenzao wa kazi: pumzi, noti ya juu, mchezo uliofungwa mapema na kuacha watu bila mshahara.

Tarehe 12 Machi 2020, Broadway ilifungwa kwa sababu ya Covid-19. Maelfu ya wafanyakazi wa jukwaani walibaki bila kazi. Siku nne baadaye, Rudetsky na mume wake James Wesley walianza kipindi cha intaneti, Stars in the House, wakiwa nyumbani. Mwanzoni kilirushwa mara mbili kwa siku, saa nane mchana na saa mbili usiku, saa zile zile ambazo pazia lingefunguliwa. Wasanii waliimba kutoka nyumbani kwao, na daktari alitoa habari za ugonjwa. Zaidi ya dola milioni 1 zilikusanywa kwa ajili ya mfuko unaosaidia wasanii walio katika shida.

Michezo mikubwa haikuweza kuhamia nyumbani: inahitaji mavazi, taa, mapambo na watu wengi waliosongamana. Mazungumzo na wimbo yaliweza. Kumbi zilipofunguliwa tena mwaka 2021, jioni hizo zilirudi mbele ya watu, na piano ile ile moja.