Mashua ya Ziwa Likaukalo

Msomaji wa pwani, aliyezoea kuona vyombo vikipwelezwa mchangani Bagamoyo au Pangani ili vipakwe deheni, aelezwapo kwamba katika wilaya ya Karatu, nchi ya ngano na kahawa na njia ya wageni waendao kutazama wanyama wa Ngorongoro, wako watu ambao riziki yao imo katika chombo cha majini, yamkini atastaajabu. Staajabu yake haina lawama, maana maji ambayo wengi huyajua katika nchi ile hayana mvuvi: Ziwa Magadi, lililomo ndani ya kreta, ni makao ya heroe, na pande za Ziwa Manyara zilizomo katika hifadhi ya taifa tangu mwaka 1960 hazivuliwi. Lakini mtu akishuka kutoka Karatu kuelekea kusini-magharibi, akapita chini ya Mlima Oldeani, akavuka mashamba ya vitunguu ya Mang'ola yanyweshwayo na chemchemi za Qangdend, hukuta mbele yake Ziwa Eyasi, na huko ndiko waliko wavuvi ambao kwao makala hii imeandikwa.

Ziwa hili limelala kwa urefu wa kilomita 80 hivi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kiasi cha mita 1,030 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na Mto Sibiti, utokao Ziwa Kitangiri upande wa Singida, na mengine hushuka kwa Mto Baray kutoka nyanda za juu. Lakini hakuna mto utokao ndani yake kwenda kwingine, na maji yaliyokwisha kuingia hayana njia ya kutoka ila kupaa hewani kwa nguvu ya jua, yakiacha nyuma chumvi na magadi. Kina chake ni haba. Katika miaka ya ukame hukauka karibu lote, likabaki uwanda mweupe unaong'aa hata macho yauma. Na katika miaka ya mvua nyingi, mfano wa ile ya El Niño ya 1997 na 1998, maji hurudi, na pamoja nayo hurudi kambale, na perege wa aina ile ambayo asili yake ni maziwa ya chumvi ya Eyasi, Manyara, Kitangiri na Singida. Hapo nyavu zilizokuwa zimeanikwa darini hushushwa, na mashua zilizosahauliwa ufukoni hukumbukwa.

Hapo ndipo penye hasara kubwa, na ndipo nitakapokaa zaidi. Mwenye chombo katika Eyasi hudhani kwamba adui wa mashua yake ni mawimbi, kumbe mawimbi ya ziwa lile huidhuru kidogo sana kuliko ile miezi ambayo imekaa nchi kavu bila kuangaliwa. Ubao uliokatwa na kuranduliwa haujafa; hunywa maji na kuvimba, hunyimwa maji na kusinyaa. Mashua inayokaa majini daima, kama zile za Ziwa Victoria, mbao zake hubaki zimevimba na kubanana, zikaziba mianya zenyewe. Mashua ya Eyasi, iliyovutwa ufukoni na kuachwa kwenye jua la Septemba, husinyaa ubao kwa ubao, hata mtu akichutama ndani yake na kuangalia upande wa jua huona mwanga umepita kama uzi katika kila maungo, na ncha ya kisu hupenya bila kusukumwa. Chombo cha hali hiyo kikitiwa majini siku ya kwanza ya msimu hujaa maji kabla hakijafika mbali, na mwenyewe husema kimeoza, ilhali hakijaoza hata kidogo, kina kiu.

Tiba ya kiu ni maji, wala si nyundo. Wengi hukimbilia kukalafati mashua ingali kavu. Huchukua pamba, wakaishindilia kwa nguvu katika mianya mipana, wakajipongeza kwa kazi nzuri, na juma moja baadaye, mbao zinapovimba na kukosa nafasi ya kuvimbia, husukumana, zikang'oa misumari katika mataruma na kuiharibu mashua kuliko ilivyokuwa kabla ya kutengenezwa. Ukalafati wa namna hiyo ni uadui kwa chombo. Njia iliyo salama ni kukinywesha kwanza: tandika magunia mazito juu ya mbao, ndani na nje, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa maji baridi ya chemchemi au ya mto, si maji ya ziwa, au, ikiwa chombo ni kidogo na kimeegemezwa sawasawa pande zote, tia maji ndani kiasi cha kufunika ngama, uyaache yafanye kazi yake kwa siku kadhaa. Mianya mingi itajifunga. Ile iliyobaki wazi baada ya hapo ndiyo inayostahili pamba.

Na pamba haiko mbali. Ng'ambo ya magharibi ya ziwa ni wilaya ya Meatu, katika nchi ya Wasukuma walimao pamba, hivyo mvuvi wa Mang'ola hana sababu ya kuziba chombo chake kwa matambara ya nailoni, ambayo hayavimbi wala hayashiki. Pamba husokotwa kwa kiganja juu ya paja mpaka iwe kamba laini, nene kidogo kuliko mwanya utakaozibwa, huchovywa katika mafuta, kisha huingizwa kwa patasi butu na nyundo ya mti, polepole, kwa mkono mmoja kutoka omo hadi tezi, bila kuacha pengo na bila kushindilia hata ikatokea upande wa pili. Mkono wa fundi hujulikana kwa mlio: pamba iliyoingia vema hutoa mlio mzito, na iliyo legevu hutoa mlio wa kopo tupu.

Baada ya pamba huja kupaka, na hapa maarifa ya pwani hayawezi kuhamishwa yote bila kupimwa. Mabaharia wa pwani hupaka mbao sifa ya papa juu, na chini ya maji hupaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu ya mnyama. Shahamu katika nchi ya wafugaji haikosekani, na chokaa hupatikana. Lakini maji ya Eyasi yana magadi, na magadi yana tabia ya kula mafuta na kuyageuza kuwa kitu cha jamii ya sabuni. Kwa hiyo rangi ya mafuta ya dukani hulainika upesi na kubambuka ikikaa majini humo, na shahamu nayo haidumu muda ule idumuo baharini. Lami haishughulishwi na magadi. Rai yangu ni kwamba sehemu izamayo ipakwe lami iliyoyeyushwa, nyembamba, mara mbili, juu ya ubao uliosuguliwa na kukauka upande wa nje, na rangi ya mafuta iachiwe sehemu za juu, ambako kazi yake ni kuzuia jua. Lami iyeyushwe mbali na nyumba na mbali na watoto, kwa moto mdogo, maana ikishika moto haizimwi kwa maji.

Anayeunda mashua mpya afikiri habari ya mti kabla ya bei. Mbao za mkaratusi na mgrevilea zimejaa Karatu, nazo zafaa kwa mengi. Mkaratusi, hata hivyo, hupinda na kupasuka ukaukapo, na chombo cha Eyasi kitakauka tu. Mninga ndio mti unaosinyaa kidogo mno kuliko miti mingi tuliyo nayo, na mvule hustahimili kuoza; gharama yake ni kubwa, na kibali cha uvunaji sharti kiwepo, lakini mashua ya mninga itanyweshwa na kukaushwa miaka mingi ilhali ile ya mkaratusi imekwisha kuwa kuni. Misumari iwe iliyopakwa madini ya kuzuia kutu, na vichwa vyake vifukiwe ndani ya ubao na kuzibwa, kwa sababu chumvi ikishapata njia ya kuingia kwenye chuma haitoki tena.

Vifaa vya mashua ndogo si vingi. Cha kwanza kwa ziwa lile ni pondo, mti mrefu mwepesi wa kusukumia chini, maana katika maji haba pondo hukufikisha mahali ambapo kafi huchota tope. Na bado kafi mbili ziwepo kwa ajili ya vilindi. Cha pili ni upo wa kufulia maji, uliofungwa kwa kamba ili usielee mbali wakati uhitajiwapo. Cha tatu ni nanga yenye amari ndefu, kwa kuwa upepo wa alasiri huweza kuikokota mashua tupu hata katikati. Na kwa nanga ya chuma sioni haja ya mtu kwenda Arusha, kwa maana wahunzi wa Kidatoga wa Mang'ola, ambao hufua vichwa vya mishale vya Wahadzabe kwa vyuma chakavu, wanao ujuzi wa kutosha kufua nanga ya makucha manne. Kisha kuna maji ya kunywa. Ni jambo ambalo mvuvi wa Ziwa Victoria hana haja ya kulifikiri, lakini katika Eyasi mtu aliyekwama juu ya tope, amezungukwa na maji pande zote, hana hata tone la kukata kiu, na kwa hiyo dumu la maji lisishushwe chomboni kwa sababu yoyote. Jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo, filimbi, tochi, na simu iliyofungwa katika mfuko usioingia maji, hivyo havina mjadala. Watu huzama hata katika maji ya kifuani wakinaswa na tope na wavu.

Kuhusu mashine, wapo wanaoitamani. Mimi siishauri. Katika maji machache yaliyojaa tope mashine huvuta matope katika njia za kupozea, na chumvi hubaki humo baada ya safari. Aliyekwisha kuinunua aisafishe kwa maji baridi kila siku ya kazi, ama sivyo fedha zake zimekwenda.

Nyavu zioshwe kwa maji baridi, zianikwe kivulini, maana jua hudhoofisha nailoni. Na ukubwa wa matundu uulizwe kwa ofisa uvuvi kabla ya kununua. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 humtaka mvuvi awe na leseni, na nyavu zile za nailoni nyembamba ya uzi mmoja zimekatazwa nchini.

Msimu ukiisha, mashua ioshwe chumvi, ipandishwe juu ya magogo ili isiguse ardhi yenye mchwa, na ncha za mbao zipakwe lami, kwa kuwa ubao hupoteza maji upesi zaidi kwa ncha zake. Mitumbwi ya gogo moja hupasuka kuanzia hapohapo. Juu yake pajengwe kipaa cha majani ya mikoche, iliyo tele kandokando ya ziwa, na magunia yaloweshwe mara moja kwa juma. Kazi hii haimlemei mtu mmoja, lakini ingekuwa nyepesi zaidi lau wavuvi wa kila mwalo wangeshirikiana banda moja, na Halmashauri ya Karatu, ambayo hupokea ushuru wa samaki wanaotoka huko, ikawasaidia mabati na nguzo. Mvua za vuli huanza Novemba. Mwenye mashua na aanze kuinywesha Oktoba.