Kumla Samaki-Simba Ili Matumbawe Yapone

Katika migahawa ya Florida, Belize na Bahamas kuna kitoweo ambacho wanasayansi wenyewe huwahimiza watu wakile kwa wingi: samaki-simba, mwenye milia myekundu na myeupe na mapezi marefu yaliyotawanyika.

Kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, ikiwemo pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1985 alionekana kwenye maji ya Florida, na inaaminika kuwa waliokuwa wakimfuga kwa urembo ndio waliomwachia baharini. Leo ameenea Karibi nzima hadi Brazil.

Ubaya wake umo kwenye uzazi na ulafi. Jike huweza kutaga hadi mayai milioni 2 kwa mwaka, na samaki wadogo wa huko hawajazoea kumkimbia. Mwaka 2008, watafiti Mark Albins na Mark Hixon walichapisha matokeo ya jaribio la Bahamas: penye samaki-simba, ongezeko la samaki wachanga lilipungua kwa asilimia 79 ndani ya wiki 5. Miongoni mwa wanaoliwa ni pono, ambao hukwangua mwani kwenye miamba. Pono wakiadimika, mwani huyafunika matumbawe na kuyanyima mwanga.

Jikoni, kinachotisha ni miiba yake 18. Sumu imo kwenye miiba, haimo kwenye nyama. Mpishi huvaa glavu nene, akakata miiba kwa mkasi, kisha akampara magamba na kumpasua kama samaki mwingine yeyote. Sumu yenyewe ni protini, hivyo joto huiharibu. Ndiyo maana aliyechomwa hushauriwa kuloweka jeraha kwenye maji ya moto yasiyounguza, kisha amwone daktari. Nyama yake ni nyeupe na laini, na hufaa kukaangwa, kuchomwa au kulowekwa kwenye ndimu.

Je, ulaji utammaliza? Hapana. Ni nadra samaki-simba kunasa kwenye ndoana, kwa hiyo wazamiaji humchoma mkuki mmoja mmoja, naye huishi hadi kina cha mita 300, wasikofika. Hata hivyo, si lazima amalizwe. Utafiti wa Stephanie Green na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa kwenye miamba ya Bahamas ambako samaki-simba walipunguzwa hadi chini ya kiwango kinachodhuru, uzito wa jumla wa samaki wenyeji uliongezeka kwa asilimia 50 hadi 70. Ni kazi ya palizi: magugu hurudi, na mkulima naye hurudi na jembe.

Huku kwetu samaki-simba ni wenyeji na ni wachache, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwawinda kwa ajili ya matumbawe. Linalotuhusu ni hili: ukichoka kufuga samaki wa kigeni, usimwachie baharini, ziwani wala mtoni.