Picha Tatu za Mlango Mmoja

Bila shaka umepata kuiona picha ya namna hii, na huenda unayo katika albamu ya nyumbani kwako: mtu ameketi ndani, karibu na mlango ulio wazi; nje jua la adhuhuri linawaka; na katika picha mtu yule amegeuka kivuli kitupu. Mimi ninayo moja. Ni ya marehemu mama yangu, niliyoipiga mwaka 2009 alipokuwa akipeta mchele penye mlango wa uani. Ungo unaonekana, mikono yaonekana kwa shida, uso hauonekani kabisa. Nyuma yake ua mzima umekuwa mweupe mithili ya shuka iliyoanikwa.

Baada ya msiba nilimpelekea kijana mmoja mwenye kompyuta anisafishie picha hiyo. Aliongeza mwanga mpaka mwisho, na kilichojitokeza pale penye uso ni madoadoa ya rangi. Kijana hakuwa na kosa. Programu haiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikukinasa.

Jicho la binadamu hutazama uani, kisha hutazama ndani, na kila mara hujirekebisha upesi hata mwenyewe usitambue. Kamera haina nafasi hiyo. Hupewa kipimo kimoja tu cha mwanga kwa picha nzima: ukikifuata cha nje, ndani panakuwa giza, ukikifuata cha ndani, nje panaungua. Sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaoumia zaidi hapo, maana nyuso zetu ndizo za kwanza kumezwa na giza lile.

Tatizo hili ni la zamani. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari. Dawa zilizopakwa kwenye vioo vya wakati ule zilipokea mno rangi ya buluu, hivyo mbingu ilitoka tupu, bila wingu. Alichofanya ni kutumia negativu mbili, moja ya mbingu na nyingine ya maji, akazichapa katika karatasi moja, zikakutana penye upeo wa macho. Hivyo ndivyo alivyoitengeneza picha yake mashuhuri ya wimbi kubwa huko Sète, ya mwaka 1857. Kazi hiyo ya mkono ndiyo inayofanywa leo na kompyuta. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Marekani, Paul Debevec na Jitendra Malik, walitoa maelezo ya hesabu ya kuunganisha picha kadhaa za mahali pamoja ili kupata kiasi halisi cha mwanga wa kila sehemu.

Wewe utafanyaje? Piga picha tatu za mahali palepale. Ya kwanza kwa kasi ya 1/250 ya sekunde, ili ua utoke vizuri. Ya pili 1/60. Ya tatu 1/15, ili ndani paonekane. Kila moja hupokea mwanga mara nne ya ile iliyotangulia. Badili kasi tu. Tundu la lenzi usiliguse, kwani ukilibadili, sehemu zilizo makini katika picha hubadilika pia na picha hazitalingana. Kamera hapana budi itulie. Asiye na kiweko cha miguu mitatu aweza kuiweka juu ya kinu kilichofudikizwa, kama nifanyavyo mimi, na kutumia kitufe cha kuchelewesha ili kidole kisiitikise.

Kisha picha hizo huingizwa katika programu. Ziko za kulipia, kama Photomatix, na ziko za bure, kama Enfuse. Enfuse huchungulia kila nukta ya picha zote tatu na kuipa uzito zaidi ile iliyopata mwanga wa kutosha, yenye rangi iliyokolea na mistari iliyo dhahiri, ndipo huzichanganya. Kitu kilichosogea, kama pazia au kuku aliyepita, hutokea mara mbili mfano wa mzuka. Aidha, simu nyingi za leo hufanya kazi hii zenyewe, kwa herufi HDR, na iPhone ilianza kuwa nayo mwaka 2010.

Naomba jambo moja: usizidishe. Ziko picha ambazo mbingu imekuwa kama ya gharika, na kila paa limezungukwa na mwanga mweupe kama la nyumba ya malaika. Hayo ni matokeo ya mtu kuvuta vipimo vyote hadi mwisho kwa kuwa vipo.

Mwezi uliopita nilimketisha mama mdogo penye mlango uleule, saa ileile ya mchana. Nikamwomba asitikisike.

“Wanipiga mara tatu, kwani mara ya kwanza sikutoka?” akauliza.

“Ulitoka, mama, ila nusu.”

Aliguna, akanyamaza, akazuia pumzi. Katika picha iliyounganishwa mpera wa uani waonekana jani kwa jani, kamba ya nguo yaonekana, na uso wake umetoka wote, pamoja na ile mikunjo miwili kando ya mdomo aliyokuwa nayo dada yake.