OILI YA GARI LA DIZELI: IMWAGWE LINI?

Ukifika Muheza msimu wa machungwa utaona pikapu na malori madogo yakipakia mizigo. Mengi hutumia dizeli. Huenda mojawapo ni la kikundi chenu, na fedha zake mmezichanga kwa miaka kadhaa. Injini ikifa, machungwa yanaoza shambani, na fundi anataka fedha ambazo kikundi hakina. Injini nyingi huuawa na oili iliyokaa mno.

Je, oili hufanya kazi gani? Ndani ya injini vyuma hupishana kwa kasi kubwa. Oili hukaa katikati yao ili visilane. Tena hupunguza joto na kuosha uchafu. Dizeli ikiungua hutoa masizi, kama yale ya kibatari, nayo huingia katika oili.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mmoja huchomoa kijiti cha kupimia, akatazama, akasema, "Nyeusi hii, imekwisha." Mwingine huisugua vidoleni akasema, "Bado inateleza, iacheni." Wote wawili wanabahatisha. Oili ya injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kutiwa. Fikiri maji ya kufulia. Nguo ya kwanza huyabadili rangi, lakini sabuni bado imo, nawe unaendelea kufua. Oili nayo ina dawa zilizotiwa kiwandani za kushika masizi na kuzuia kutu. Dawa hizo zikiisha, jicho halioni wala kidole hakitambui. Kwa hiyo oili humwagwa kwa hesabu.

Hesabu hiyo imo katika kitabu cha gari. Injini nyingi za zamani zilihitaji oili mpya kila kilometa 5,000. Nyingi za siku hizi huweza kufika 10,000 au zaidi, kwa oili bora. Lakini vitabu hivyo husema pia kwamba gari lenye kazi ngumu limwagwe mapema, mara nyingi kwa nusu ya hesabu. Kazi ngumu ni vumbi, mizigo mizito, na milima kama ya kupanda Amani. Safari fupi fupi nazo ni kazi ngumu, ingawa wengi hawaamini. Gari linalotoka Ngamiani hadi Chumbageni kisha likazimwa halipati moto wa kukausha unyevu ulioingia katika oili.

Kwa magari yetu ya vijijini, mimi naona kilometa 5,000 zinatosha. Kitabu kikisema pungufu, fuata kitabu. Kutoka Tanga hadi Pangani na kurudi ni kama kilometa 100. Gari likienda hivyo kila siku, baada ya siku 50 limefika. Gari lisilotembea sana limwagwe walau mara moja kwa mwaka.

Mashine ya kusaga haina kilometa. Hiyo huhesabiwa kwa saa. Kama kitabu chake kinasema saa 250, nayo inasaga saa 5 kwa siku, imwagwe baada ya siku 50 za kazi.

Dukani, soma kopo mwenyewe. Tafuta herufi C, kama CF-4 au CI-4. C ni ya dizeli, S ni ya petroli. Kopo lenye zote mbili linafaa, mradi C yake ndiyo iliyotajwa katika kitabu. Oili ya chupa isiyo na maandishi iache hapo hapo.

Oili imwagwe injini ikiwa na joto kidogo, ili uchafu utoke nayo. Filta ibadilishwe siku hiyo hiyo. Oili chafu ikusanywe kwenye debe, isimwagwe karibu na kisima. Wengine huipaka nguzo kuzuia mchwa. Ukiigusa, nawa kwa sabuni.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, simamisha gari mahali tambarare upime kwa kijiti. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua, ongeza, lakini kuongeza si kumwaga. Hesabu inaendelea pale pale.

Sasa chukua daftari, liwekwe ndani ya gari, uandike hivi:

Tarehe: 3 Machi
Kilometa: 84,200
Kazi: oili mpya na filta mpya
Kumwaga tena: 89,200
Aliyeandika: ....................