Nanga ndani ya kinanda: hesabu mpya ya studio za Karagwe na Kyerwa

Kahawa ikianikwa, harusi zimekaribia. Ndivyo wapiga kinanda wa Karagwe na Kyerwa wanavyosoma kalenda. Mavuno ya robusta huanza Mei, na pesa za minada ya KDCU, chama kikuu cha ushirika cha wilaya hizi mbili, zikishateremka vijijini, kumbi za Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro hazikosi shughuli Jumamosi. Jumapili mpiga kinanda yuleyule yuko kanisani. Katikati ya wiki anapokea kwaya inayotaka kurekodi. Kwaya ndiye mteja wa kutegemewa, maana eneo hili lina Dayosisi ya Karagwe ya KKKT na Jimbo Katoliki la Kayanga, lililoundwa mwaka 2008, na kila usharika au kigango kinataka wimbo wake usikike redioni.

Tatizo ni kwamba studio zote zinafanana kwa sauti. Kinanda kinachotawala ni Yamaha za jamii ya PSR, na ngoma, besi na vinubi vyake vimetoka kiwandani vikiwa vimepikwa tayari. Ngoma ya kinanda inayopigwa Kayanga ndiyo inayopigwa Geita na Kigoma. Mteja asipoona tofauti ya bidhaa atauliza bei tu, na ushindani wa bei kwenye mji mdogo huwa haumwachi mtu na kitu. Mwenye studio anapunguza kwa ajili ya kwaya hii, jirani anapunguza zaidi kwa ile, mwisho wote wawili wanarekodi kwa pesa ya luku na chai.

Ndiyo maana nadhani habari kubwa kwa biashara hii, kuliko kinanda chochote kipya, ni kitu kisichoonekana kwa macho: kuapdeti programu ya ndani ya kifaa. Katika miaka michache iliyopita watengenezaji wameanza kuongeza uwezo wa kusampo kwenye vifaa vilivyokwisha uzwa. Kusampo, kwa asiyekuwa wa fani, ni kunasa sauti yoyote halisi kisha kuipiga kwa vitufe kama noti. OP-Z ya Teenage Engineering, kampuni ya Sweden, iliingia sokoni 2018, kakifaa kadogo kama rimoti ya televisheni, bila kuweza kunasa sauti moja kwa moja. Uwezo huo ulikuja baadaye kwa apdeti. MicroFreak ya Arturia ya Ufaransa ilitoka 2019 ikiwa sinthesaiza tu. Apdeti zilizofuata ziliipa kwanza uwezo wa kupokea maikrofoni, kisha, mwaka 2023, wa kupiga sampo zinazopakiwa kutoka kompyuta. Aliyeinunua mwanzoni hakuongeza hata senti.

Wazo lenyewe ni la zamani. Casio SK-1 ya mwaka 1986, kinanda cha betri ambacho wengi walikichukulia kama mchezo wa watoto, kilikuwa na maikrofoni na kilinasa sauti kwa sekunde moja na nusu hivi. Tofauti ni kwamba sasa uwezo huo unaongezwa juu ya mtaji uliokwisha lipiwa, na hapo ndipo mfanyabiashara anapaswa kutega sikio. Soko la mtumba nalo linabadilika, maana kifaa kinachoendelea kupata apdeti hakishuki bei haraka. Anayenunua kinanda kilichotumika Kampala, Mwanza au Kariakoo asitazame mikwaruzo tu. Akiwashe, afungue ukurasa wa mfumo, asome namba ya toleo.

Vifaa hivi vidogo bado ni vichache katika wilaya hizi, na bei ndiyo sababu. EP-133 ya Teenage Engineering, inayosampo na kutumia betri nne ndogo, ilitoka 2023 kwa dola 299. Ukipiga dola kwa Sh2,500 unafika karibu laki saba na nusu, kabla ya usafiri, ushuru na VAT. Lakini wengi hawahitaji kufika huko. PSR-SX700 na SX900 za mwaka 2019 zinapokea sauti za kujitengenezea kupitia programu ya kompyuta ambayo Yamaha inaitoa bure. Korg Kross 2 ya 2017, ile ya vitufe 61, ina tundu la maikrofoni, vitufe 16 vya sampo, uzito wa kilo nne kasoro, na inakwenda kwa betri sita za kawaida kwa saa kadhaa. Kuna watu wanavyo vinanda hivyo na wanavitumia kama harmoniamu ya mishonari.

Suala la betri si dogo. Kwa miaka mingi umeme wa mkoa huu wa Kagera ulitoka Uganda, na leo umeme wa mtambo wa Murongo–Kikagati wa megawati 14, katika mto Kagera, unagawanywa nusu kwa nusu kati ya nchi mbili. Murongo yenyewe imo Kyerwa. Hata hivyo umeme hukatika, na apdeti haitaki umeme ukatike. Nimelipa kwa hilo. Nilikuwa naapdeti kinanda cha kuazima, mstari wa kupakia umefika zaidi ya nusu, taa zikazimika. Umeme uliporudi, kioo kilibaki cheusi, na fundi wa kwanza aliniambia nimempelekea ubao wa kukatia nyanya. Tangu siku ile sigusi apdeti bila betri mpya au UPS, na faili nalishusha kwanza lote, nalihakiki, ndipo naanza.

Sasa kunasa kwenyewe. Kagera ina nanga, na hapa sisemi ile ya meli. Ni ubao uliochongwa kama hori, nyuzi saba au nane zimepita juu yake, mpigaji akiupiga huku akighani tendi za mashujaa. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliutafiti ughani huo kwa miaka mingi. Sauti hiyo haimo kwenye kinanda chochote cha dukani, kwa hiyo ni bidhaa ambayo studio ya Mwanza haina.

Kosa la kwanza ni la waya. MicroFreak hupokea maikrofoni kwa tundu la hedifoni, kwa sauti ya papo hapo na si ya kunasa sampo, na inataka jeki yenye mistari mitatu, kama ya hedseti ya simu. Yenye miwili itakupa kimya, utaanza kulaumu kifaa bure. Kosa la pili linakula kazi yote. Kijana ananasa uzi mmoja wa nanga, anautandaza kwenye vitufe vyote, anashangaa mbona nanga imekuwa gitaa la plastiki. Kinanda kimenyoosha noti kwa vipimo vya piano, wakati mzee aliyeipiga nanga alifunga nyuzi zake kwa sikio lake. Tena sampo ikipandishwa oktavu moja inakwenda kasi mara mbili, ule mlio wa kidole kwenye uzi unageuka mlio wa mbu. Dawa ni kunasa kila uzi peke yake na kuuweka kwenye kitufe chake, bila kuusogeza. Nyuzi nane, sekunde nne kila mmoja, kwa sauti ya ubora wa CD ya njia moja, hazifiki megabaiti tatu. Nafasi si kisingizio. Mvua juu ya bati ndiyo adui, basi nanasa asubuhi, nje, mbali na migomba, maana majani yake yana kelele kuliko watu wanavyodhani.

Zile nyuzi nane sasa mwenyewe ni nani? Mkoa huu una mfano mkubwa. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", iliyojengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli, binti wa Kagera, na nchi nzima ikacheza tena Kihaya. Thamani iliyokuwa imelala kwenye rekodi ya zamani iliamka kwa sababu kulikuwa na rekodi na kulikuwa na jina. Mzee wa nanga wa kijijini hana vyote viwili mpaka studio inase. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na inamtambua pia mpigaji aliyerekodiwa. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inasajili kazi. Lakini studio nyingi hunasa kwa soda na nauli, kisha faili linazunguka kwa flashi kutoka Kaisho hadi Bugene bila jina.

Mimi natumia daftari la shule. Tarehe, jina la mpigaji, nyuzi ngapi, amelipwa kiasi gani leo, na atapata kiasi gani kila kwaya itakayotumia sauti yake. Sahihi, au dole gumba. Mzee wa kwanza niliyemsomea ukurasa huo alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama bei hiyo ni ya nyuzi zote au ya uzi mmoja. Tulianza kupatana upya.